Pembe ya Kushoto, Chini ya Kiti

Makumbi ya nazi yaliyofukiwa matopeni miezi minane, siku ukiyafukua, hutoa harufu ambayo naapa ingeweza kusimama kwa miguu yake, ikapiga hodi na kukaribishwa chai. Ni harufu ya yai viza na nguo iliyosahauliwa majini, na ndani yake kabisa mna utamu wa nazi uliokataa kufa. Kwetu Matondoni, kila mwanamke aliyesokota kamba alikuwa na shimo lake la makumbi pwani, amelizungushia vijiti na kulikandamiza kwa mawe ili maji yasilibomoe. Shimo la bibi yangu lilikuwa la tatu kutoka kwenye mikoko, nami ningeweza kulifikia nimefumba macho, kwa pua tu. Bi Somoe, mama yake baba yangu, ndiye aliyenilea tangu mama afariki nami sijaota meno, na kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda. Aliyafukua makumbi, akayaponda kwa rungu mpaka yakaachia nyuzi, akaziosha, akazianika, akazisokota pajani, na kamba ikatoka nyembamba na ngumu kiasi kwamba mimi niliwaambia watoto wenzangu kuwa Bibi akitaka anaweza kukifunga kisiwa cha Manda, akakivuta karibu, tukavuka bila kulowa vifundo vya miguu. Waliniamini. Nilikuwa na mdomo wa kumuuzia mchanga mtu wa Shela, kwenye vilima vya mchanga.

Kuwamba kitanda ni kazi ya mtu mmoja mwenye subira au watu wawili wenye mapenzi. Sisi tulikuwa wawili. Bibi alikaa juu ya mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni, na mimi nikalala chali chini ya kitanda, nikiipokea ncha ya kamba anaponishushia na kumrudishia juu palipo na nafasi yake. Huko chini niliiona dunia kwa matundu: kipande cha paa la makuti, kidole cha Bibi, jicho la Bibi likinitafuta. "Ndoo huku," alisema kwa Kiamu chake, yaani njoo, "usinilalie kazini." Alipofika mwisho, kwenye pembe ya kushoto upande wa kichwani, hakufunga kama wafungavyo wengine. Aliipitisha kamba juu ya mwenzake mara mbili, akairudisha chini ya ile ya tatu, ndipo akaikaza. Kwa juu huwezi kuona kitu. Ukilala chini, kama mimi, unaona kijifundo kimevimba kama punje ya mtama iliyolowekwa. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kwa kitu ambacho mwenye kitanda hatakiona maisha yake yote. "Kila mtu wa kazi hii ana lake," aliniambia. "Kazi isiyo na alama ni yatima, mwanangu. Ikipotea haina wa kuiita." Nilikuwa na miaka minane. Nililipokea neno hilo nikaliweka palepale chini ya kitanda.

Nilipofika darasa la sita nilipelekwa Amu, yaani Lamu mjini, nikakaa kwa shangazi yangu siku za shule na kurudi Matondoni Ijumaa. Amu ulikuwa mji. Nyumba za mawe zilisimama zimebanana kama watu wanaosikiliza siri, na watoto wa nyumba hizo walikuwa na njia yao ya kusema "watu wa mashamba" bila kukutazama, ukajua tu ni wewe. Jumapili jioni nilifika kwa shangazi nimepanda punda, na kabla sijakaa nilijisugua kwa sabuni ya kufulia, tena kwa dodoki, tena kwa ndimu, mpaka ngozi ikaomba radhi. Haikusaidia. Jumatatu asubuhi, Rukia, msichana wa kiti cha mbele ambaye kwao kulikuwa na zidaka za kuwekea vyombo ukutani na mahamri kila siku ya Mungu, aligeuka akauliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniua: "Maimuna, hiyo ni nini inayonukia?" Nikamwambia ni makumbi ya shamba letu. Bibi yangu ana minazi elfu mbili, nikasema, wafanyakazi wake wanayafukia, na mimi huenda kuwasimamia. Minazi elfu mbili. Ukweli ni kwamba hatukuwa na mnazi hata mmoja; makumbi Bibi aliyaokota kwenye majumba ya watu waliokwisha kula nazi zao. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umepakwa mafuta pia.

Mwaka huo alikuja Mwalimu Wakesho, mwanamke mrefu kutoka Taita, ambaye alitembea vichochoro vya Amu akiwa ameinua kichwa akitazama milango, mpaka siku moja akagongana na punda wa kubeba mchanga na kumwomba punda msamaha. Ndiye aliyeanza kutupeleka makumbusho kila Alhamisi alasiri. Lilikuwa jumba dogo, nyumba ya kale ya mawe iliyoachwa na wenyewe, lenye kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye baridi na vyumba vitatu virefu vilivyonuka chokaa na nta. Sisi tulidhani tunakwenda kuzunguka, kugusa visivyoguswa na kurudi. Mwalimu alitutolea sheria. Sheria ya kwanza, kila mtu achague kitu kimoja tu, akae nacho muhula mzima. Sheria ya pili, asiseme neno juu yake kabla hajakitazama dakika kumi kwa saa. Sheria ya tatu, akitazame kwa pande zote, na kama kina chini, atazame chini. Halafu kwenye daftari ajibu: Ni nini? Kimefanywa kwa kitu gani? Kimefanywa vipi? Kimefanywa na nani? Kinatuambia nini? Dakika kumi za kutazama kitu kimoja, kwa mtoto wa darasa la sita, ni sawa na Ramadhani tatu zilizounganishwa. Mvulana mmoja alipiga miayo mpaka tukahesabu magego yake. Rukia alichagua buli la shaba kwa sababu, alisema, kwao lipo kama hilo, atamalizia nyumbani.

Mimi nilichagua kiti cha enzi. Kilikuwa katika chumba cha mwisho, peke yake mbele ya ukuta mweupe, cha mpingo mweusi tititi, mgongo wake mrefu kunizidi mimi, umepachikwa vipande vya mfupa vilivyokatwa kama nyota na kama meno ya msumeno. Kikalio na mgongo havikuwa vya mbao. Viliwambwa kwa uzi wa pamba uliosokotwa, miraba ndani ya miraba, na alasiri jua lilipoingia dirishani lilipita katikati ya nyuzi na kuchora ukutani kiti cha pili, cha kivuli, kizuri kuliko cha kwanza. Nilikipenda kwa ajili ya kivuli hicho. Dakika kumi zikawa ishirini. Nikaanza kuona mambo. Niliona kwamba mgongo umenyooka kama rula, kwamba mwenye kukalia asingeweza kuegemea na kusinzia, na kwamba kuna ubao wa kuwekea miguu ili nyayo zake zisiguse sakafu wanayoikanyaga wengine. Nikaandika: "Kiti hiki hakikufanywa ili mtu apumzike. Kimefanywa ili mtu atazamwe." Mwalimu Wakesho alilisoma hilo akiwa amesimama, akaketi, akalisoma tena. Akaniambia, "Maimuna, wewe una macho." Naweza kusema bila kuongeza chumvi, na mimi chumvi huongeza, kwamba tangu nizaliwe hakuna mtu nje ya Matondoni aliyewahi kuniambia kwamba nina kitu.

Basi nikatafuta zaidi. Alhamisi ya nne niliikumbuka sheria ya tatu, nikalala chali kwenye sakafu ya makumbusho, nikajisukuma chini ya kiti kama fundi wa mashua. Nilitaka kuona nyuzi zinavyoanza na kuishia. Nilifuata mstari mmoja kwa kidole bila kuugusa, ukanipeleka mpaka pembe ya kushoto upande wa nyuma. Hapo uzi ulipita juu ya mwenzake mara mbili, ukarudi chini ya ule wa tatu. Punje ya mtama. Nilibaki pale chini nikisikia nyayo za watoto wenzangu zikipita karibu na sikio langu. Nilikielewa kila kitu kwa mara moja: mti ni wa zamani, nyuzi ni changa, wakati fulani nyuzi za kale zilioza, mtunzaji wa jumba akatafuta mtu wa kukiwamba upya, akampata Matondoni, na mtu huyo akaja akakaa chumba hiki hiki siku tatu nne, akamaliza, akarudi shimoni kwake bila kunieleza, kwa kuwa kwake kiti kilikuwa kiti. Mtoto mwenye akili timamu angetoka chini akipiga kelele za furaha. Mimi nilitoka nikajipangusa vumbi la sketi, nikafungua daftari, na mbele ya swali "Kimefanywa na nani?" nikaandika neno moja: "Hajulikani."

Nimelitafakari neno hilo miaka mingi na sijapata bado kona ya kulificha. Nilifikiri hivi, kadiri ninavyokumbuka: kiti hiki ni cha wakubwa, na mimi nimekuwa mtu kwa ajili yake. Nikisema nyuzi zake zimewambwa na ajuza anayenuka matope, kiti kitashuka mpaka kiwe kitanda cha kamba, na mimi nitashuka nacho, nirudi kuwa yule wa makumbi. Wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi niliivutia kwangu hata ile ambayo sikuiwamba. Mwalimu Wakesho, kwa kuwa hakuwa mjinga, aliniuliza mara mbili: "Kwa nini uzi ni mchanga kuliko mti?" Mara ya kwanza nilimwambia kwamba ulihifadhiwa kwa mafuta maalumu ya kifalme. Mara ya pili nikaongeza kuwa mafuta hayo yaliletwa kwa jahazi mbili kutoka Uajemi, moja ya mafuta, moja ya walinzi wa mafuta. Alinirudishia daftari. "Endelea kutafuta," akasema.

Mtunzaji wa jumba alikuwa Bwana Athmani, mtu mwembamba mwenye kofia iliyokaa wima kama sahani kabatini. Ndiye aliyetangaza kwamba mwisho wa muhula kila mmoja atasimama kando ya kitu chake na kukieleza mbele ya wageni, na kwamba maelezo yatakayopendeza zaidi yataandikwa kwenye kibao kipya, yabaki hapo kwa kila atakayekuja. "Na mkipata jina la fundi," alisema, "nileteeni kwanza hilo. Humu ndani vibao vina majina ya waliokalia, havina majina ya waliotengeneza." Alipolisema hilo alinitazama mimi, nami nikatazama buli la Rukia.

Siku yenyewe walikuja watu, Mungu anisamehe, mia tisa, tuseme arobaini. Walikuja wazazi wa mjini kwa kanzu zilizopigwa pasi, walimu, na mzee mmoja mgeni wa heshima, mwenye fimbo, aliyejulikana kwa kujua nasaba za mji mzima. Mimi sikumwambia Bibi. Barua ya kualika wazazi niliitia chini ya godoro kwa shangazi. Zamu yangu ilipofika nilisimama kando ya kiti changu nikaanza, na sauti ikatoka kama nimemeza kengele. Nilieleza mgongo ulionyooka, nikaeleza miguu isiyogusa ardhi, nikawageuza wote waangalie kivuli ukutani na wakasema "Mashallah" kwa pamoja. Ndipo pua yangu ilipoupata ule utamu wa nazi uliokataa kufa, kwa mbali, chini ya udi na mawaridi. Nikainua macho. Alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya wanawake wa mji, ndani ya buibui lake la sikukuu, kidevu juu, anatabasamu. Bwana Athmani alikuwa amempelekea ujumbe mwenyewe kwa mtu wa punda, akitaka afike kama aliyekiwamba kiti, na Bibi alikuwa amemjibu kwamba atakuja, na kwamba mmoja wa watoto hao ni mjukuu wake. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba amekuja, na kwamba miguu yake ina vumbi jeupe la njia nzima ya Matondoni.

Rukia aliinua mkono. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtoto mwenye bidii, na wakati mimi nikizungumza alikuwa ameinama akichungulia, kama sheria ya tatu inavyotaka. "Hapa chini kwenye pembe," alisema, "mbona uzi umepita mara mbili? Kwingine kote umepita mara moja." Kule mlangoni nilimwona Bibi akijinyoosha. Alirekebisha mtandio wake wa ukaya usoni kama mtu anayejua sasa hivi atatajwa. Alikuwa anangoja. Alikuwa amenifundisha jambo hilo mwenyewe, nimelala chini, akinitazama kwa matundu. Nami nikasema, "Hilo ni kosa. Pengine fundi siku hiyo alikuwa na usingizi. Au alikuwa mtu wa mashamba, kuhesabu mpaka mbili hajui." Watu wakacheka, kile kicheko kizuri cha watu wa mjini. Mzee mwenye fimbo naye akacheka, akapangusa macho, akaniuliza: "Na leo je, binti yangu? Unamjua mtu yeyote aliye hai anayeifanya kazi hii?" Bwana Athmani alikwisha kuanza kuinuka, mkono wake umeelekea mlangoni, uso umejaa furaha ya mtu aliyeficha zawadi. Nikasema, "Hapana. Kazi hii imekufa. Waliokuwa wakiijua wote wameshatangulia mbele ya haki."

Mkono wa Bwana Athmani ukabaki hewani. Alimtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa, kidogo tu, kama anavyomkatalia mtu kijiko cha pili cha sukari. Bwana Athmani akakaa. Nikapigiwa makofi.

Nilipotoka nje nilimkuta ananingoja kwenye kibaraza, mbali kidogo na watu, na nikamshukuru Mungu kwamba amekaa mbali. Hilo pia lisemwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa konzi, kwa matusi, kwa machozi. Alinifunga kishikizo cha kola kilichokuwa kimefunguka. "Umenena vyema," alisema. "Sauti yako ilifika mpaka nyuma." Akanipa kifurushi cha visheti alichokuja nacho, akaniambia niwagawie wenzangu, akaenda kumtafuta mtu wa punda. Niliwagawia. Rukia alikula vitatu, akauliza nani amevipika kwa ustadi hivyo, nikasema vimenunuliwa.

Kibao kilitundikwa baada ya wiki mbili, kwa maneno yangu: "Kiti hiki hakikufanywa ili mtu apumzike. Kimefanywa ili mtu atazamwe." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Fundi wa nyuzi: hajulikani." Shangazi alinipeleka kukiona akaninunulia sharubati. Ijumaa nilirudi Matondoni kama kawaida, na Bibi akanipokea kama kawaida, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na jambo lile halikutajwa siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka kufa kwake. Nililala chini ya vitanda miaka miwili zaidi nikipokea ncha ya kamba. Lakini nilikuwa mtoto, na mtoto aliyekosa huwa hatazami panapomuuma. Sikuangalia pembe ya kushoto.

Niliiangalia nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeacha shule baada ya darasa la nane, nikaolewa, na Bibi, ambaye mikono yake ilishaanza kukunjamana kama mizizi, alisisitiza kitanda changu cha arusi akiwambe yeye na asisaidiwe na mtu. Kilikuwa kitanda ambacho tembo angeruka juu yake kikamrudisha hewani. Siku ya saba, wageni walipokwisha, nilisogeza vitu chumbani, nikakigeuza kitanda ubavu ili nifagie chini yake. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye pembe ya kushoto upande wa kichwani. Kamba ilipita mara moja, ikafungwa kama wafungavyo wengine wote. Nikatazama pembe zote nne. Nikadhani amezeeka, amesahau. Nikaenda kwa jirani aliyewambiwa kitanda mwaka mmoja kabla yangu, nikamwomba nitafute pete yangu iliyoanguka, nikalala chini: hakuna. Nikaenda kwa mwingine, cha miaka minne: hakuna. Cha shangazi, cha zamani, kilikuwa nacho. Nikapanga miaka kichwani na hesabu ikanileta pale pale, chumba cha mwisho, kando ya kiti. Alikuwa ameacha. Alisikia kwamba alama yake ni kosa la mtu wa mashamba, akaacha kuiweka, hata kwenye kitanda changu. Ningeweza kwenda kumwangukia miguuni. Tulikuwa mwendo wa punda mmoja tu. Nilisema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa zikawa nyingi, na moja kati ya hizo tukamzika.

Sasa mimi ni mwanamke wa makamo, mnene kwa furaha, mwenye watoto wanne na kelele za watu kumi na wanne. Juzi juzi nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni. Darasa letu lilikuwa na mpishi wa hoteli ya Ras Kitau aliyetuletea makombo ya keki, mtunza punda, wakwe wawili wasiosemezana, na mimi niliyejibu maswali hata yasiyoulizwa. Siku moja mwalimu alitupa insha: eleza kazi ya mikono iliyo nyumbani kwako na mtu aliyeifanya. Niliandika kurasa tatu za kitanda changu bila kupumua, nikafika kwa mtu aliyekifanya, na kalamu ikasimama. Asubuhi yake nilijitanda buibui nikaenda makumbusho, ambako, nakiri, sikuwa nimekanyaga tangu utotoni. Kivuli kilikuwa bado kipo ukutani. Na kibao kipo, kimefifia, na maneno yangu yamo.

Bwana Athmani alikwisha kustaafu. Aliyekuwepo ni kijana wa bara, mpole, mwenye simu mkononi na Kiswahili chenye haraka. Nilimwambia kibao kimekosea, fundi anajulikana. "Sawa, mama," akasema, "lakini wengi huja na kusema hivyo. Kila mtu babu yake ndiye alichonga mlango." Nikavua viatu, nikalala chali kwenye sakafu, mwili wangu huu, nikajisukuma chini ya kiti mpaka pale nilipokwama, nikamwambia apige picha pembe ya kushoto. Akapiga. Nikatoa mkobani uzi niliokuja nao, nikaufunga mbele yake kwenye mguu wa meza: juu ya mwenzake mara mbili, chini ya ule wa tatu. Akatazama picha, akatazama mguu wa meza. Akaenda kabatini akarudi na daftari kubwa la zamani, akapekua, akanionyesha mstari ulioandikwa kwa mwandiko wa Bwana Athmani: kiti kimewambwa upya na mwanamke wa Matondoni, mwenyewe ameomba jina lisitajwe, iandikwe kama mtoto alivyosema.

Nilisoma mara nyingi. Kama mtoto alivyosema. Nilikuwa sijui kwamba siku ile, kabla hajanifunga kishikizo, alipitia kwa Bwana Athmani akauficha uongo wangu kwa kuliondoa jina lake mwenyewe. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja nyuma. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe, na nilikuja nyuma sana. Yule kijana alikuwa akinitazama kwa wasiwasi. "Sasa hapo kuna shida kidogo, mama," alisema. "Kama mwenyewe alikataa, hatuwezi kuandika tu. Labda ndugu yake wa karibu atuambie. Wewe ni nani wake?"

"Mjukuu wake," nikasema. Akauliza, kwa hiyo ni kwa nini aliomba jina lake lisitajwe? Nikamweleza. Nilimweleza makumbi, minazi elfu mbili, mafuta ya Uajemi, mzee mwenye fimbo, visheti. Sikuongeza kitu. Nadhani ndiyo hadithi pekee niliyowahi kuisimulia bila kuiongeza kitu, na ilikuwa fupi ajabu.

Kibao kipya kimetundikwa mwezi uliopita. Maneno yangu ya utotoni yameondolewa kwa ombi langu, ingawa kijana aliyasifu. Kimeandikwa: "Nyuzi zimewambwa na Bi Somoe wa Matondoni. Alama yake iko pembe ya kushoto, chini." Naambiwa kwamba watoto wa shule siku hizi wakifika hapo hulala sakafuni mmoja mmoja kuitafuta, na kwamba sakafu ya chumba hicho sasa ndiyo safi kuliko zote kwa kupanguswa na migongo. Nafurahi. Watu wa mji wananipongeza njiani, na Rukia, ambaye leo ni bibi wa wajukuu wawili, alinishika mkono akaniambia, "Kumbe vile visheti pia vilikuwa vyake." Lakini kamba hulegea, na kila mwaka baada ya mvua hukigeuza kitanda changu na kukikaza upya, pembe baada ya pembe, na binti yangu huniuliza kwa nini sinunui cha mbao kama watu. Nikifika pembe ya kushoto upande wa kichwani mkono wangu husimama. Naijua alama, vidole vyangu vinaweza kuifunga gizani. Naishika ncha ya kamba, nangoja, kisha naipitisha mara moja, kama alivyoiacha yeye, nakaza.